Mtungi Kwenye Kiti cha Nyuma

"Tindo, maziwa yametoka kwenye friji. Narudia, yametoka."

Sauti ya Mtafiti wa hospitali ilimfikia Tindo sikioni, akainama zaidi juu ya usukani. Pikipiki yake, Yamaha, ilishafika kilomita mia na arobaini kwa saa. Mbele yake, Range Rover nyeusi ya Mkurugenzi wa hospitali ilikuwa inakimbilia uwanja wa ndege.

Maziwa lilikuwa jina la siri la mfuko mmoja wa chembe nyeupe za damu, uliogandishwa ndani ya mtungi wa baridi kali. Mtafiti alizitoa kwa mama mmoja, fundi cherehani mwenye saratani ya damu. Akakaa nazo maabara siku arobaini, akizifundisha kuitambua saratani na kuiua. Mama mwenyewe alishapigwa dawa kali za kumwandaa kuzipokea, kinga yake ya mwili ikafagiliwa yote.

Bila mfuko ule, hamalizi wiki.

Mkurugenzi alijua. Akauza. Mnunuzi, mgeni wa suti ya kijivu aliyekaa kando yake, alitaka kwenda kuiga kazi ile kwao. Wakubwa ndivyo walivyo. Mgonjwa anahesabu siku, wao wanaona bidhaa.

Tindo alichomoa bastola yake, Glock.

Paa. Paa.

Kioo cha nyuma kilibaki na madoa mawili tu.

"Gari halipitishi risasi," alisema kwenye Motorola ya sikioni.

"Mtungi wameuwekaje?" Mtafiti aliuliza.

Tindo alivuta mafuta, akalingana na dirisha.

"Wameulaza kiti cha nyuma. Unafuka moshi."

"Wameulaza?" "Na madirisha?"

"Wamefunga yote. Wanakula kiyoyozi."

"Ofisini wanajua kusaini tu hawa. Kaka, ile ni naitrojeni. Haina harufu, haiwashi, inaifukuza hewa ya kupumua kimyakimya. Hata mfagiaji wangu anajua mtungi ule haupandi gari lililofungwa. Waambie washushe vioo. Watakufa."

"Nimekusikia, dada."

Tindo aliinua bastola, akaielekeza dirishani.

Mkurugenzi akabonyeza kitufe kuhakikisha kioo kimepanda mpaka mwisho.

Tindo akabaki hapo hapo, ubavuni mwao, bastola imenyooka. Kilomita moja. Mbili. Kichwa cha Mnunuzi kikaangukia begani, mdomo wazi. Mguu wa Mkurugenzi ukalegea. Gari likapunguza mwendo, likajikwangua kwenye ukingo wa barabara, likasimama.

Milango imefungwa kwa ndani. Mtungi unakauka, na mfuko ukiyeyuka humo, chembe zimekufa.

Tindo alirudisha bastola kiunoni. Akatabasamu kama shemeji aliyekuja kusalimia, akagonga kioo, akaonyesha kwa kidole: fungua.

Mkurugenzi alimtazama kwa macho ya mlevi. Kidole chake kikatafuta kitufe, kikakosa, kikatafuta tena.

Tak.

Tindo alifungua mlango wa nyuma, akabana pumzi, akavaa glavu nene. Mfuko ulikuwa bado mweupe kwa barafu. Akauhamishia kwenye chupa ndogo ya baridi aliyofunga kwenye pikipiki. Kisha akarudi, akaupindua mtungi, naitrojeni iliyobaki ikamwagika kwenye zulia. Ukungu ukajaa gari mpaka kwenye viti.

"Hewa," Mkurugenzi alinong'ona. "Hewa, mwanangu."

"Vumilia kidogo, mheshimiwa. Si ndivyo mnavyotuambia?"

Akachukua funguo. Akafunga mlango taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto, akabonyeza kufuli.

"Tindo, umewatoa?" Mtafiti aliuliza sikioni.

Alizima Motorola.

Dakika ishirini baadaye, hospitalini, mfuko ulikuwa kwenye maji ya uvuguvugu, kisha juu ya nguzo ya dripu. Fundi cherehani, kichwa kisicho na unywele kama yai, aliufuata kwa macho.

"Ndiyo yangu hiyo?"

"Yako mwenyewe, mama," alisema Mtafiti.

"Mbona imechelewa?"

"Ilitaka kupanda ndege."

"Bila kuniaga?" Akacheka, akakohoa. Tone la kwanza likateremka kwenye mrija. La pili. Akafumba macho, mkono ukakaa wazi juu ya shuka.

Mtafiti alimfuata Tindo mpaka kwenye korido. Alikuwa amekunja mikono, hataki kuuliza.

"Na wale wawili?"

Tindo alivaa helmeti.

"Tuma gari la wagonjwa," alisema. "Mafuta yakipatikana."

Akashuka ngazi pole pole, akipiga mluzi.