Mkono wa Akiba

"Hii nywele ni ya nani?"

Chapchap aliuliza bila kupaza sauti. Alikuwa ameibandua begani kwa mchumba wake, ndefu, ya rangi ya maruni, na sasa ameinyoosha mbele ya dirisha la saluni ili aione vizuri.

Mchumba wake, fundi simu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, aliitazama kama mtu anayetazama simu iliyodumbukia chooni.

"Ya mteja wako, itakuwa. Mimi si nashinda hapa?"

"Wiki nzima nimesuka nyeusi tupu. Maruni sijagusa."

"Basi upepo."

"Upepo." Chapchap akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kugombana. "Haya. Upepo."

Fundi akaaga kwamba anakwenda kufuata kioo cha simu ya mteja. Siku hizi kila alasiri kulikuwa na kioo cha kufuata.

Chapchap ni jina alilopewa na wateja kwa kasi ya vidole vyake. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye msusi mmoja, yeye. Msaidizi hakutaka hata kusikia. Alijua wasaidizi wanavyofanya, maana yeye mwenyewe alijifunzia kazi kwa Madoido, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, na siku alipoondoka aliondoka na nusu ya wateja wa mama wa watu. Tangu hapo hawasalimiani. Fundi alishamuuliza mpaka akachoka: "Ukiugua wewe, nani anafungua mlango?" Jibu lilikuwa moja tu: "Siugui."

Kumbe anaugua. Mkono wa kulia ulikuwa unakufa ganzi. Akiamka anaukung'uta kama taulo lililolowa, ndipo vidole vikubali kukunjika. Daktari alimwambia aupumzishe. Akamwitikia vizuri, akarudi kusuka, na hakumwambia mtu.

Simu ikaita. Shosti wake, muuza mitumba wa pale kona.

"Shosti, umekaa?"

"Nasuka. Sema."

"Kaa kwanza."

"Nimechoka kukaa, nimechoka kusimama. Wewe sema tu."

"Fundi wako kaingia kwa Madoido. Mlango wa nyuma! Na si leo tu. Nilikuwa nameza maneno nisije nikaitwa mchonganishi."

"Madoido yupi?"

"Kwani tunao wangapi? Huyo huyo anayejitia usichana na nywele zake za maruni!"

Chapchap akakata simu, akaandika ujumbe: "Uko wapi?"

Jibu likaja haraka: "Dukani mpenzi, nasubiri kioo."

Aliyekuwa kwenye kiti ni mwalimu wa shule ya jirani, kichwa kimefika nusu. Akaona kitana kinawekwa mezani.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Nakuja sasa hivi, mwalimu."

"Sasa hivi ya wasusi naijua! Nakufuata."

Wakavuka barabara wawili, Chapchap mbele, mwalimu nyuma, upande mmoja wa kichwa mistari imelala, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Madereva wakapiga honi. Mwalimu akawapungia mkono.

Chapchap akausukuma mlango wa nyuma kwa bega.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ulimi nje, kichwa cha plastiki amekibana katikati ya magoti. Kichwa kile kilijaa nywele za maruni, mistari yake ikienda mrama kama njia ya mlevi. Madoido alikuwa amesimama nyuma yake na kitana mkononi.

"Shika mzizi, baba, usinyonge!" alikuwa anafoka. Kisha akaona wageni. "Ehe. Karibuni. Leo saluni yangu ina heshima."

"Fundi," Chapchap akasema.

"Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Kioo ndicho hicho?"

"Najifunza kusuka."

Mwalimu akaangua kicheko, kisha akaufunika mdomo.

"Kwa huyu?" Chapchap akauliza. "Watu wote mjini, kwa huyu?"

"Ningekuomba wewe, ungenifundisha?"

Chapchap akakitazama kile kichwa cha plastiki.

"Nimekuomba uchukue binti mmoja tu wa kukusaidia, ukasema atakuibia wateja. Mimi nitakuibia nini? Mimi na wewe tunaoana!"

"Kwa hiyo unanisubiri nianguke ushike kiti changu."

"Nakuona unavyolia ukikunja vidole asubuhi, unadhani nimelala. Saluni nzima imeninginia kwenye huo mkono, Chapchap. Ukikatika leo, kesho tunafanya nini? Nimekaa nikifikiria hilo mpaka nikachoka, nikaona bora nifanye."

"Ukamwambia siri yangu adui yangu."

"Hakuniambia kitu," Madoido akadakia. "Mkono huo niliufundisha mimi. Nakuona kupitia dirishani unavyoshika kitana siku hizi, kama mtu anayeshika kaa la moto. Yeye kaja kuniomba nimfundishe, nami nina madraya matatu ya kukaushia nywele, mabovu yote. Anatengeneza, nafundisha. Upendo haumo hapa, usijisumbue. Kwanza mwanafunzi mwenyewe mgumu."

"Na wewe umekubali tu? Baada ya nilivyokufanyia?"

"Ulivyoondoka sikuwa na mtu mwingine wa kusuka. Nilifunga saluni mwezi mzima. Simwombei mtu yale, hata wewe."

Chapchap akaangalia chini.

"Ungeniambia, Fundi."

"Na wewe ungeniambia."

Mwalimu akakohoa.

"Samahani jamani, mambo yenu ni matamu, lakini mimi nani ananimalizia? Kesho nasimama mbele ya darasa."

Chapchap akanyanyua mkono wa kulia, akajaribu kuukunja. Vidole viwili vikagoma. Akaujaribu tena, wote wanamwangalia.

"Siwezi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mteja. "Fundi, nyanyuka. Twende ukammalizie."

"Mimi?"

"Yeye?" mwalimu akaruka. "Mume wangu atasema nini?"

"Atauliza kwa nini umerudi na nusu kichwa. Chagua."

Wakarudi. Fundi akasuka polepole, jasho likimtoka, Chapchap akiwa kwenye kiti cha pembeni na mkono umefungwa kitambaa, akielekeza: gawa vizuri, hapo umebana mno, fumua, rudia. Mwalimu akalalamika mwanzoni, baadaye akaanza kumsimulia Fundi umbea wa shuleni. Hapo wakajua amekubali.

"Sasa tumepatana?" Fundi akauliza bila kugeuka.

"Niulize kesho. Leo nimechoka."

"Binti wa kufundisha nimtafute?"

"Tafuta wawili. Wewe ni mzito, mpenzi."

Fundi akasubiri amalizie utani, lakini hakusikia kitu. Alipogeuka, Chapchap alikuwa amelala palepale kitini, mdomo wazi, mchana kweupe.

Mlango ukafunguliwa, mteja mwingine akachungulia.

"Chapchap yupo?"

"Shh. Amelala. Ingia, nitakusuka mimi."

Mteja akamtazama Fundi, akamtazama mwalimu, akakizunguka kichwa cha mwalimu chote kukikagua. Akaweka mkoba chini.

"Basi nisuke mistari mikubwa," akanong'ona, "ile usiyoweza kuiharibu."