Usalama Amevaa Kofia Nyeupe

Kila asubuhi, kabla ya chai, Filemoni aliupiga teke mrunda, nguzo ya mti ya pembeni ya jukwaa la mafundi. Usipotikisika, alisema, "Pandeni." Huo ndio ulikuwa ukaguzi wake wote.

Walikuwa wanajenga ghorofa la duka la Akber, hapa Chanika, Handeni. Akber ndiye aliyempa Filemoni kofia nyeupe ya usalama. Sababu yake ilikuwa moja: Filemoni amejenga miaka mingi na hajawahi kuanguka.

Tangu apewe kofia ile, mafundi hawakumwacha apumue.

"Kimya, jamani! Usalama amefika," alisema Simeo, shemeji yake, mdogo wa mkewe Yuditha. "Mambo ya siasa mwisho hapa."

"Atatuandika majina!" akaitikia mwingine.

"Panda ukajenge, mdomo wewe," Filemoni alijibu. Moyoni alifurahi. Kofia ilimkaa vizuri.

Siku moja jua lilikuwa kali. Saa nane mchana Simeo alikuwa juu, akipiga plasta. Ghafla ubao ulizama upande mmoja. Karai likaanguka. Simeo akaudaka mrunda, akaning'inia kama popo, akapiga kelele. Wenzake walimshusha kwa ngazi. Mkono ulichubuka kuanzia kiwiko hadi kiganja.

Akber alisimamisha kazi palepale. "Hapandi mtu tena. Nitamwita mtaalamu."

Nyumbani, Yuditha alimfunga mdogo wake kitambaa, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Glory, hiyo kofia imemsaidia nini ndugu yangu?"

Filemoni aliivua kofia. Chakula kilimshinda. Alijua kwamba Simeo akipanda tena jukwaa lile, siku nyingine hatapata cha kudaka.

Kesho yake mchana alifika Grace kutoka Kilole, Korogwe. Yeye ni mratibu wa usalama na afya kwenye ujenzi mkubwa kule. Alilizunguka jukwaa, Akber na mafundi wakitazama, akashika fundo moja la kamba ya katani. Kidole chake kikapita ndani ya fundo.

"Kaka Filemoni, unakagua saa ngapi?"

"Asubuhi. Mafundo yote huwa yamekaza kama chuma."

"Asubuhi kamba ina umande. Na mnapofunga?"

"Tunailoweka kwanza, iwe laini. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi tatizo ni hilo. Katani ikilowa hukaza. Ikipigwa na jua hulegea. Wewe unakagua asubuhi, watu wanaanguka mchana."

Filemoni aliitazama kamba ile kana kwamba imemsaliti. Amezaliwa katikati ya mashamba ya mkonge, inakotoka katani.

"Kwani mimi sijui kujenga?" aliuliza kwa ukali.

"Kujenga unajua kunizidi. Lakini kutokuanguka si mafunzo. Uzoefu unatakiwa, na juu yake unasomea usalama."

"Unasomea nini?"

"Kuiona hatari kabla haijaumiza. Kazi za juu, mashimo, umeme, mashine. Huduma ya kwanza. Kuandika ajali na kuitolea taarifa. Sheria pia: mwajiri ana wajibu gani, na mfanyakazi akiona hatari afanye nini. Na jinsi ya kuzungumza na watu kabla ya kazi, siyo kuwapigia teke mrunda."

Simeo alicheka, mkono ukiwa kwenye kitambaa.

"Mimi niliishia darasa la tano," Filemoni alisema kwa sauti ya chini.

"Unasoma Kiswahili?"

"Nasoma."

"Basi anza na mafunzo ya mwakilishi wa usalama na afya. Yanafaa kwa eneo kama hili. Mratibu wa mradi mkubwa anahitaji masomo marefu zaidi. Bwana Akber, muulize wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi ni nani anayetambuliwa kufundisha. Usimpe hela mtu wa kuuza vyeti. Na kumpeleka ni jukumu lako, siyo lake."

"Ataenda," Akber alisema. "Na mpaka arudi, hakuna jukwaa."

Filemoni akaenda Korogwe kwenye mafunzo. Jirani mmoja alimnong'oneza Yuditha, "Mumeo kachukuliwa na Usalama?" Yuditha akacheka hadi akakaa chini.

Aliporudi, mirunda ilikuwa imeondolewa. Akber alileta jukwaa la mabomba ya chuma. Filemoni alikagua miguu, viungo, mbao na reli za kuzuia mtu asianguke. Alikagua asubuhi, akakagua tena baada ya mvua. Mchana alipoona kiungo kimoja kimelegea, aliwashusha wote.

"Usalama, naruhusiwa kupanda?" Simeo aliuliza.

"Bado."

Hakuna aliyebisha. Filemoni alikaza, akatikisa, akatazama chini na juu.

"Sasa panda, shemeji."

Ghorofa liliisha. Karai halikuanguka tena, wala mtu.

Kamba za katani Yuditha alizichukua nyumbani. Akailoweka moja, akamfungia mbuzi wake asubuhi, fundo limekaza kama chuma. Saa nane mchana mbuzi alikuwa kwenye mchicha wa jirani.

"Baba Glory!" Yuditha alipiga kelele. "Hukukagua?"