Stabilaiza ya Mbele

Mpango uliwekwa Kwa Mrombo, chumba cha nyuma cha gereji, mlango umekomewa. Sumari, mkubwa wao, alichora barabara kwa chaki sakafuni. Tajiri wa tanzanite anatoka Mererani Alhamisi na mkoba wa mawe. Azuiwe pale Maji ya Chai. Mkoba akabidhiwe Sumari njia ya Momela inapoanzia, kisha Loishiye, dereva, apande mlimani na Celica, awavute njagu na ving'ora vyao nyuma yake.

Celica ilikuwa mtumba wa Japani, moja ya zile zilizomiminika mjini tangu biashara iwe ruksa. Mwanzoni ililala kila kona. Saruni, fundi wao, akaifunga stabilaiza nene, chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia: moja mbele, moja nyuma. Gari likatulia, likang'ang'ania barabara. Loishiye alilijaribu hadi Olmotonyi, akarudi anacheka, akasema mikono ya Saruni ina baraka.

Jumatano Sumari alimvuta fundi kando. Loishiye anajua mengi mno.

"Fungua ya mbele. Ya nyuma iache. Mgao wake wako."

Saruni aliielewa kazi hiyo kuliko aliyemtuma. Nyuma ikikaza na mbele ikilegea, kwenye kona kali mkia hutaka kuipita pua. Na Loishiye hakuwa mtu baki. Walitahiriwa msimu mmoja, wakala nyama porini kwa kisu kimoja. Kwao Waarusha, mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu wa tumbo. Tamaa mbele, mauti nyuma, wahenga walisema, ila hawakusema mauti ya nani. Akaifungua.

Alhamisi, saa tatu asubuhi. Dereva yeyote angeinama kuchungulia chini ya gari kabla ya kazi kama ile. Loishiye hakuinama. Kukagua kazi ya mwana rika ni kumwita mwongo, na yeye alilelewa vizuri. Alimpa Saruni mkono, akawasha. Saruni akapanda kiti cha nyuma, akiona haya hata kumtazama usoni.

Saa tano. Maji ya Chai. Yoeli, mshika bunduki, alimaliza kazi bila risasi. Tajiri aliachia mkoba huku analia kama mtoto.

Saa tano na robo. Njia ya Momela. Sumari alikuwa ndani ya pikapu, injini inanguruma. Yoeli akashuka na mkoba. Saruni naye akashika mlango ashuke ahamie pikapu, ndivyo walivyopatana na Sumari. Sumari hakumtazama mara mbili.

"Fundi abaki na gari lake."

Pikapu ikaondoka. Kumbe mgao wenyewe ndio huu! Ving'ora vikasikika nyuma, Loishiye akakanyaga mafuta.

Njia ilikuwa ya changarawe, imelowa. Neno moja tu lingetosha, na Saruni alilijua. Lakini kulisema ni kusema nimekuuza. Alimudu kuomba waende polepole, kumelowa.

"Usiogope, rika langu. Gari umelifunga wewe."

Kona ya kwanza mkia ulicheza. Ya pili uliondoka kabisa. Celica ilizunguka, ikapinduka mara mbili, ikalala korongoni tumbo juu.

Saruni alitambaa nje akiwa na mchubuko tu. Loishiye alikuwa amebanwa kiunoni, damu inamtoka puani. Saruni alipiga magoti, akamshika mkono, akafungua kinywa aseme sasa. Mwenzake akamtangulia.

"Nisamehe. Nimeikosea kona. Ningekuua bure."

Saruni akalia. 

Polisi waliteremka wakiwa wamenyoosha bunduki. Loishiye alikusanya pumzi iliyobaki, akamwambia sajini kwamba huyu ni mpita njia aliyeomba lifti tu pale Usa, hahusiki na lolote, wamwache aende kwao. Kisha akakata roho.

Sajini alimgeukia Saruni.

"Ni kweli? Humjui?"

"Ndiyo, afande," alisema Saruni. "Simjui."