Muuguzi Naye Hufiwa

Yudita ni muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali moja ya Makambako. Anaishi Kitandililo na mumewe Rabson, ambaye ni mkulima wa viazi. Mtoto wao, Brightness, alikuwa na miezi saba.

Mwezi Julai, baridi ilipokaza, Rabson aliona jambo. Kazini mkewe alibeba watoto wa watu kutwa nzima. Nyumbani hakumbeba wa kwake. Alimnyonyesha, kisha akamrudisha upesi kwa baba yake, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Kumwogesha ndiyo kabisa hakutaka. Kila siku alikuwa na sababu: kachelewa, mgongo unamuuma, maji hayajapata joto.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mama yake Rabson, Bibi Ema, alikuja kutoka Igwachanya kusaidia. Alinung'unika kwamba wao walilima na mtoto mgongoni, na hakuna aliyewalipa mshahara. Rabson hakucheka. Aliogopa kwamba mtoto angekua bila kuizoea mikono ya mama yake.

Jirani yao, Mama Feliciana, alikuwa muuguzi mstaafu. Alifanya kazi Njombe mjini miaka thelathini. Rabson alimweleza. Jumapili baada ya ibada, mama huyo alimwita Yudita amsaidie kuchagua mbegu za viazi. Wakakaa juani, nyuma ya nyumba.

"Kamwene, mwanangu," Mama Feliciana alimsalimu kwa Kibena. "Nani amefariki?"

"Kwetu wote wazima, mama."

"Sikuuliza kwenu. Nauliza wodini."

Yudita aligeuza kiazi kimoja mkononi kwa muda mrefu. Halafu akasimulia.

Alizaliwa mtoto mwenye moyo mbovu. Madaktari waliwaeleza wazazi kwamba hakuna dawa wala upasuaji wa kumponya. Wakakubaliana apewe tiba shufaa. Maana yake, mtoto hatupwi wala haachwi. Anapewa dawa ya maumivu, anatunzwa kwenye joto, anashikwa na watu wake mpaka mwisho. Mama yake alikuwa amepasuliwa, hawezi kuamka. Basi Yudita alimpakata siku nne. Jina lake lilikuwa Nahumu. Siku ya nne Yudita alikuwa akimfuta mwili kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mtoto akakata roho.

Yudita akafuta kitanda kwa dawa. Hazikupita dakika kumi, akalazwa mtoto mwingine. Hakuna aliyesema neno. Alipoanza kazi alifundishwa na wakubwa kwamba muuguzi halii mbele ya watu. Na nyumbani alikolelewa, mtoto wa siku chache hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika kimya, kesho yake watu wakaenda shambani. Yudita hakuona pa kulilia.

"Nikimshika Brightness kwenye beseni, mikono yangu inakumbuka," alisema. "Huwa nawaza labda maji yale yalikuwa ya baridi. Labda ni mimi."

"Ulimuuliza daktari?"

"Niliona aibu, mama."

Mama Feliciana alisema hata yeye aliwahi kunyamaza hivyo msimu mzima. Marehemu mumewe aliwaambia wenzake kwenye pombe ya ulanzi kwamba ameoa nguzo ya umeme. Yudita alicheka kidogo, huku machozi yakimtoka.

"Muuguzi naye hufiwa," alisema Mama Feliciana. "Si udhaifu, wala si kosa la kazi. Kosa ni kuubeba mzigo peke yako. Kesho mwambie kiongozi wako. Tena usingizi, chakula au mtoto wako vikikushinda zaidi ya wiki mbili, huo si uchovu tu. Nenda kwa mshauri nasaha kama unavyokwenda kupima malaria."

Jumatatu Yudita alimwendea Bwana Xaveri, kiongozi wa wodi. Alitegemea kukemewa. Badala yake, Bwana Xaveri alikiri kwamba dada yake amejifungua tangu Mei, na yeye hajathubutu kwenda kumwona mtoto.

Siku hiyohiyo wote waliomhudumia Nahumu waliitana kwenye chumba cha chai. Daktari Irine alieleza wazi kwamba moyo wa Nahumu ulikuwa umefika mwisho. Maji hayakumuua. Yudita akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Oliva, mfanya usafi, alisema vitanda hivyo huvifuta yeye pia, na hajawahi kuulizwa kitu.

Wakaweka utaratibu. Mtoto akifariki, waliomhudumia wote wanakaa pamoja robo saa. Kitanda hakipewi mtoto mwingine mpaka jina la aliyekuwapo litajwe. Na aliyefiwa hapangiwi tena mtoto wa tiba shufaa wiki hiyo. Yudita alipelekwa kwa mshauri nasaha, akamwona mara nne.

Hakupona kwa siku moja. Kwanza alimshika mtoto huku Rabson akimmwagia maji. Wiki iliyofuata alimwambia Rabson asogee, anamzibia mwanga. Bibi Ema akarudi Igwachanya, akisema sasa hana kazi hapa.

Mwezi Septemba wodi ilipata mtoto mwingine asiyeweza kuponywa. Yudita alikaa na mama wa mtoto huyo, wakampakata kwa zamu. Mtoto alipofariki, Yudita alilia pamoja na yule mama. Akakaa robo saa na wenzake, halafu akarudi nyumbani. Akambeba Brightness kabla hata ya kuvua sweta.

"Leo tumempoteza mmoja," alisema.

Rabson aliacha kumenya viazi. Hakusema mtoto mchanga haliliwi.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Sila."

"Pole, Mama Brightness," alisema Rabson, akamsogezea kigoda.