Folda Iliyo Juu ya Zote

Fungeni mlango kwanza, wajukuu zangu, ndipo niwaambie ya fundi wa kompyuta na bintiye Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Mimi kompyuta naijulia wapi? Nasema alivyonisimulia mkewe. Ndani ya mashine kuna folda ndani ya folda, kama sanduku ndani ya sanduku. Fundi aliandika programu fupi, akaiweka kwenye folda ya picha za Chiriku: itafute folda iliyo juu yake, ile inayoibeba, ipande, itafute nyingine, mpaka ile ya juu kabisa. Akasahau kuiambia ikome hapo.

Mchana ule alipoiendesha, mashine ikanuka nywele zilizoungua.

"Baba Chiriku, unapika nini humo?" mkewe akamtania.

"Programu imepita juu kabisa," fundi akanong'ona. "Huko hakuna kitu, mama. Mbona bado inapanda?"

Kila mstari ulipotokea kwenye kioo, mlango ulisikika ukifunguka juu ya dari. Na nyumba yenyewe haina ghorofa.

Akachomoa waya, kioo kikazimika, lakini milango ikaendelea kufunguka, mmoja juu ya mwingine, mbali na mbali zaidi, mpaka ikanyamaza. Kisha huko mbali kitu kikaanza kushuka, taratibu, kikikanyaga kwa uzito, kikipita mlango baada ya mlango, na ile harufu ikishuka nacho, na Chiriku katikati ya chumba ameinua uso, anasikiliza, hasemi neno.

Wakamwita mzee aliyemfunza fundi kazi. Alipofika, akasikiliza dari, uso ukamsawijika.

"Mwanangu, umekifungulia njia. Ulianzia wapi?"

"Kwenye picha za mtoto."

"Ole wetu, njia inaishia kwake." Akachomeka waya, akaiwasha mashine, akaifuta programu, akasoma dua mpaka koo likamkauka. Hatua zikakoma. Harufu ikaisha. Mama akalia kwa furaha, akageuka kumtafuta mtoto.

"Chiriku, uko wapi mwanangu?"

Kisha nyuma ya pazia sauti nzito, isiyo na haraka, ikaanza kujibu kutoka juu kabisa, ikitaja mlango baada ya mlango, majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia, ikishuka, ikishuka, dari hii, chumba hiki, pazia hili, mpaka ikafika mwisho wa njia: "Chiriku."

Mpaka leo, mama yake akimwita, jibu lake huanzia huko huko juu.