Mtu wa Kiti cha Kushoto

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Idd, Mumbere alifungua mlango wa gari lake pale uani, Kibuli, akakuta usukani haupo. Magurudumu manne yapo. Redio ipo. Mizigo ya miaka ishirini na miwili aliyoishi Kampala imefungwa kamba juu ya paa. Mbele ya kiti cha dereva kimebaki chuma kitupu.

Alimgongea Saverio, sajini mstaafu wa polisi aliyepanga chumba cha tatu. Mke wa Saverio alizikwa Gulu na watoto wake hawapigi simu, kwa hiyo akigongewa mlango hakawii kutoka. Alikuja na kandambili.

"Mpaka unafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili jioni. Na kibali cha kuvusha gari kinaisha leo, afande. Nisipotoka hapa kabla ya saa tatu, halivuki tena. Kule kwetu Butembo kazi yangu ni gari hili, kubebea watu mizigo. Bila gari narudi Congo kuomba chakula kwa watoto wa ndugu zangu."

"Huwezi kupata usukani mwingine?"

"Leo Idd. Duka la vipuri gani litafunguliwa?"

"Na kwa nini ungoje mpaka siku ya mwisho?"

"Pitshou aliniomba tungoje. Mara mbili. Anamalizia mambo yake."

Pitshou, dereva wa malori wa zamani, alikuwa barazani kwake ng'ambo ya ua, anawamiminia chai. Walivuka mpaka kuja Uganda katika wiki ile ile, yeye na Mumbere, na leo walikuwa warudi pamoja. Alimimina polepole, ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe. Halikumwagika hata tone.

Saverio aliingiza kichwa garini. Mlango haukuvunjwa, kitasa chake kilikufa mwaka jana. Juu ya kiti cha kushoto kulikuwa na kifuniko cha honi, washa, kile kipete cha chuma, na nati, vimepangwa mstari mmoja, kimoja baada ya kingine. Kwenye dashibodi kulikuwa na alama za vidole vyenye grisi, nyingi, zimezungukazunguka.

Alianza na Ogwal, askari wa geti.

"Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa tatu na nusu; muda mwingine wote taa ya ua iliwaka na gari naliona," Ogwal alisema. "Mimi hapa geti. Hakuna mtu ameingia."

"Uliona tochi? Simu?"

"Hata kiberiti, afande. Giza tupu."

"Basi mwenye nafasi ni wewe."

"Mimi? Hata mnyororo wa baiskeli unanishinda, uliza mke wangu."

Saverio alimgeuza viganja. Kucha zilikuwa safi.

Saa moja na robo alimkuta Akram, fundi wa magari, akipanda kilima kwenda msikitini na kanzu nyeupe.

"Afande, siku ya Idd badala ya mkono unanipa kesi?"

"Ulimtishia Mumbere kwamba atakurudia."

"Nilimwambia, na watu walisikia. Nilitaka nimhamishie usukani kushoto, akakataa. Kule Congo magari yanapita kulia. Wewe na usukani wako wa kulia uko nyuma ya lori, utaonaje kinachokuja? Mpaka mtu wa kiti cha kushoto akwambie pita, ngoja. Akanijibu macho yake ni Pitshou."

"Usukani wake umeibwa usiku gizani, nati ikapangwa kitini. Unatokaje?"

"Nati moja tu. Lakini mimi bila taa sitoi hata balbu. Na nati naitia mfukoni, sina muda wa kuipanga."

Akram akaendelea kupanda. Familia zilipita na nguo mpya, zikiamkiana. Saverio alisimama kando mpaka njia ikapungua watu, kisha akashuka.

Saa mbili na robo aliingia uani, akasimama mbele ya Pitshou bila kusema. Mumbere alikuwa ameketi garini, mikono mapajani.

"Nani huyo?" Pitshou aliuliza.

"Saverio." Alinyoosha mkono, ile nati ya garini katikati ya vidole, shubiri moja tu kutoka usoni pa mzee. "Nimeshika nini?"

Pitshou alibahatisha. "Spana."

"Aliyetoa usukani hakuwasha taa kwa sababu taa haimsaidii. Alipapasa. Vitu alivipanga mstari ili mkono wake uvikute. Mfuko wako wa safari uko wapi?"

Pitshou alielekeza kidole chumbani. Saverio aliutoa chini ya kitanda. Hapakuwa na shati wala suruali. Ulikuwamo usukani peke yake.

Mumbere alitoka garini. "Tangu lini?"

"Jicho moja mwaka jana. La pili tangu Februari naona ukungu tu."

"Ungekaa kushoto kwangu kwenye milima ile, useme pita?"

"Ndiyo maana niliuiba, mukubwa. Nikikwambia, unatafuta macho mengine, mimi nabaki. Nikinyamaza, nakuua. Nikasema kibali kife, tubaki wote."

Mumbere aliupokea usukani. Aliufunga mwenyewe, na nati ilimponyoka mara tatu. Saa tatu kasoro dakika kumi aliwasha gari.

"Hospitali za macho ziko hapa," alisema, bila kumtazama. "Kule kwetu hakuna. Baki utibiwe."

"Na kule utapitaje malori?"

"Sitayapita. Nitakaa nyuma yao mpaka Butembo."

Ogwal alifungua geti. Pitshou alishika nguzo ya baraza, akasikiliza gari likishuka mtelemko.

"Afande," alisema, "kushoto amemweka nani?"

"Hakuna mtu," Saverio alijibu, akaketi kando yake kwenye baraza.