Gombaneni Nje

Kiza kilikuwa kinaanza kutanda Mama Mipango alipokwenda kuchukua ufunguo wa nyumba. Wenzake aliwaacha wameketi juu ya mizigo kando ya barabara: mumewe, binti yake wa kwanza, na kitinda mimba wake aliyekuwa amelala begani kwa baba yake. Wifi yake hakuketi. Alisimama peke yake, uso kaukunja tangu kituo cha basi, ili kila mpita njia aone kwamba yeye kaletwa tu.

Jina la Mama Mipango alipewa na majirani, na halikuwa la bure. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kwa mwaka mzima alikuwa akiipanga safari hii ya kuwapeleka watoto kwenye mji wa pwani. Alichagua msimu wa mvua, wageni wakiwa wamepungua na bei zimelala. Aliamua watapika wenyewe, watatembea kwa miguu, na makumbusho ya mji wataingia siku ya bure. Watoto hawakuwahi kuiona bahari. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, hakuwahi kupumzika hata siku mbili mfululizo tangu waoane. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, isipokuwa kimoja. Safari ilipokaribia, dada mkubwa wa mumewe alitangaza kwamba naye anakuja.

"Mdogo wangu hawezi kwenda mbali hivyo bila mtu wa damu yake," alisema.

"Na sisi ni nani, wifi?"

"Nyinyi ni familia yake."

Mtunza nyumba aliishi mtaa wa pili, kwenye chumba kimoja kilichotazama ukuta. Alikuwa mwanamke mnene, anachambua mchele kwenye sinia, na hakuinua macho mgeni alipobisha hodi.

"Mmekuja wangapi wakubwa?"

"Watatu. Mimi, mume wangu na wifi yangu."

Vidole vilisimama juu ya mchele.

"Wifi," alisema. "Hukuniambia habari ya wifi kwenye simu."

"Kuna ubaya? Nitaongeza kidogo kama..."

"Sijasema uongeze." Alitoa ufunguo mfukoni akausukuma mezani kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma kitu kilichooza. "Maji yapo. Umeme upo. Mkitaka kugombana, gombaneni nje."

"Unasemaje, mama?"

"Umenisikia. Uani, barabarani, baharini, popote. Msigombanie ndani." Akarudi kwenye mchele wake. "Unadhani bei ya nyumba ilikuwa rahisi vile kwa sababu ya mvua?"

Njiani Mama Mipango alimweleza mumewe, naye akacheka mpaka mtoto akaamka begani.

"Hapo basi sisi tutoe magodoro kabisa, tukalale uani."

Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa na sebule, jiko dogo, na ukumbi mwembamba wenye vyumba viwili na kimoja kingine cha nyuma. Bahari ilisikika ng'ambo ya nyumba za jirani, ikipumua. Milango ilikuwa ya mbao nzito iliyovimba kwa unyevu. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na komeo la chuma, na fundi wa mageti alilitazama mara mbili.

"Nani kaweka komeo nje?" alijisemea. "Huku ni kumfungia mtu, si kujifungia."

Wifi alikichagua chumba hichohicho, kwa kuwa ndicho chenye kitanda kikubwa. Alipotua begi lake tu, akavuta hewa puani.

"Nyumba inanuka uvundo. Rahisi ghali, nilisema mimi. Mtu anamburura mume wake mpaka huku kwa sababu ya ubahili, halafu anaita mapumziko."

Mama Mipango alikumbuka maneno ya mtunza nyumba. Aliyakumbuka vizuri kabisa. Lakini mwaka mzima wa kujinyima ulimpanda kooni kwa mkupuo.

"Kama inanuka, basi ilikuwa hainuki kabla hujaingia!"

Wakajibizana. Yakatoka ya jana na ya juzi, ya harusini, ya nani alimuuguza marehemu mama mkwe na nani alikuja na mikono mitupu. Mumewe akasema nyamazeni, nyamazeni jamani, watoto wanasikia. Hakuna aliyenyamaza.

Kisha, bila kuambiwa, wakanyamaza wote.

Kulikuwa na harufu. Mama Mipango aliijua; mshonaji yeyote anaijua. Harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Alikimbia jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Hakuna kilichokuwa kinaungua. Aliporudi, harufu ilikuwa imekwisha, na binti yake alikuwa amesimama ukumbini akiutazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Mama, shangazi anacheka nini?"

Wifi alikuwa sebuleni, nyuma ya binti, na wala hakuwa anacheka.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walikula wakiwa wamenuna. Wifi alimaliza chai yake, akasema hatoki chumbani mpaka siku ya kurudi, akaenda akaufunga mlango. Mchana ulipita hivyo, kila mtu kwenye kona yake. Alasiri mvua ilipopungua, mume akasema liwalo na liwe, watoto lazima waione bahari.

"Nendeni," Mama Mipango alimjibu. Hasira ilikuwa bado inamkaba. "Mimi nina vyombo."

Alifungua bomba akaosha kwa kelele, sufuria zikigongana. Alisikia viatu, alisikia geti. Alimaliza, akafunga bomba, akajifuta mikono. Nyumba ilikuwa kimya. Nje mwanga ulikuwa umeanza kufifia, ule mwanga wa kijivu unaofanya kila kitu kionekane kimechakaa.

Ndipo aliposikia mtu anaongea.

Sauti ilitoka chumba cha nyuma. Ilikuwa ya chini, ya mnong'ono, kama ya mtu anayeongea na simu na hataki asikike. Ilikuwa ya wifi yake. Hata kile kikohozi kidogo cha katikati ya sentensi kilikuwemo.

"...nimekwambia siku nyingi, mdogo wangu. Mrudishe kwao..."

Mama Mipango alisogea ukumbini. Hakutaka kusikiliza, lakini miguu ilikwenda.

"...huyo mkubwa sawa, kafanana na wewe. Lakini yule mdogo... mtazame masikio. Mtazame vidole. Huyo si damu yetu. Ushonaji gani ule wa mpaka usiku..."

Damu ilimchemka mpaka akaacha kusikia bahari. Maneno kama yale yakishatoka hayazoleki, na mume wake alikuwa anayapokea, tena kwenye simu, mbele ya watoto.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa ukumbini. Hakuijali.

"...mwanamke mchafu. Na mtoto wake..."

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye komeo. Lilikuwa la moto, si sana, kama chuma kilichokaa juani. Akalisukuma mpaka mwisho.

*Klak.*

"Kaa humo," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa humo mpaka ulimi ukauke."

Sauti ndani ikakoma.

Alisimama pale. Alijisikia vizuri. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote: kwamba kwa kitambo kile alijisikia vizuri, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ndefu.

Geti likalia.

Kupitia dirisha la sebule aliona mwavuli mweusi ukiingia uani. Chini yake alikuwepo mumewe, suruali kaikunja mpaka magotini. Pembeni yake binti, ameshika kombe la baharini. Na nyuma yao, akiwa amebeba viatu mkononi na mchanga miguuni... wifi.

Wifi yake.

Wakaingia. Wifi alikuwa na uso laini kidogo, kama mtu aliyefurahi na hataki ijulikane.

"Nilibadili mawazo," alisema. "Bahari haina kosa."

Nyuma ya mlango wa chumba, kitu kilikwaruza mbao. Taratibu. Kutoka juu mpaka chini.

"Fungua, wifi..."

Wote walisikia.

"Fungua, wifi... kuna moto humu..."

Viatu vilimdondoka wifi mkononi. Alimtazama Mama Mipango kwa macho yaliyotoka.

"Hiyo ni sauti yako," alinong'ona.

"Hapana. Ni yako."

"Ni yako! Nakuona hapa na nakusikia kule!"

Mume aligeuka huku na huku. Kisha akauliza swali ambalo Mama Mipango angelisikia maisha yake yote.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto si mmekwenda naye?"

"Mdogo alikuwa amelala!" wifi alisema. "Nilimlaza kitandani kwangu. Nilipita dirishani kwako nikakwambia, wifi, mtoto yumo chumbani, umwangalie."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukanijibu! Ukasema, sawa wifi, nitamwangalia vizuri."

Mama Mipango alikuwa ameshafika mlangoni kabla neno la mwisho halijaisha. Alilishika komeo kwa mikono yote miwili, ngozi ya viganja ikalia kwa kuungua. Halikusogea. Wifi akamsukuma kando, akalivuta naye, akapiga ukelele akaachia. Ndani sauti mbili zilikuwa zinajibizana sasa, ya Mama Mipango na ya wifi, zikitukanana upesiupesi, zikipandana, na chini ya sauti hizo... kicheko.

"Mwanangu! Mwanangu, niitikie!"

Hakuitika.

Mume alikwenda jikoni akarudi na mchi wa chuma. Hakupiga komeo, mtu wa kazi yake alijua pa kupiga. Alipiga bawaba, ya juu kwanza, halafu ya chini, na mlango mzima ukaanguka ndani kama mtu aliyezirai.

Kimya.

Mtoto alikuwa ameketi katikati ya kitanda, jasho linamchuruzika, macho yako wazi. Hakuwa analia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili, kwa nguvu, mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Pembeni yake, kwenye shuka, palikuwa na alama ya kahawia iliyoungua. Haikuwa ya pasi. Ilikuwa na kichwa, na bega, na mkono mrefu mmoja ulionyooshwa kupita mgongoni mwa mtoto, kama mtu anavyomkumbatia anayembembeleza alale.

Mama alimnyakua. Alipomtoa viganja mdomoni, mtoto alinong'ona:

"Kasema ninyamaze. Kasema mgombane mmalize."

"Nani, mwanangu? Nani kasema?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha shangazi yake. Kisha akamnyooshea baba yake mikono, akauficha uso shingoni kwake.

Hawakufungasha vizuri. Walitupia nguo mabegini na kutoka kwenye mvua. Mama Mipango ndiye aliyepita kurudisha ufunguo, wenzake wakimngoja nje mlangoni. Mtunza nyumba aliviona viganja vyake kabla hajaambiwa neno.

"Mligombania ndani."

"Mle kuna nini?"

"Waliishi wawili mle. Mke na wifi yake. Mmoja akamfungia mwenziwe, na nyumba ikashika moto."

"Nani aliyekuwa ndani?"

Mtunza nyumba aliinua mabega. "Wengine wanasema mke. Wengine wifi. Waliomzika hawakuweza kumtambua. Na yule aliyebaki nje, kila akiulizwa jina lake alitaja la mwenziwe, mpaka akafa."

"Na unajua haya yote, halafu unawapangisha watu? Wenye watoto?"

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Nyumba ikikaa tupu," alisema, "wanakuja kugombania kwangu."

Akamfungia mlango.

Walilala kwenye viti vya kituo cha basi, na alfajiri wakapanda la kwanza. Mtoto alipata homa, ikapoa. Sasa anacheza kama wenzake, ila ukipaza sauti karibu naye anajiziba mdomo.

Wifi alikuja kuwatembelea baada ya muda. Mama Mipango alikuwa kwenye cherehani, anapinda mikono ya sare. Walisalimiana, wakaulizana hali, wakasifia mvua. Kisha Mama Mipango akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja chenye kovu.

"Wifi. Yale maneno juu ya mwanangu, kwamba si damu yenu. Uliwahi kuyasema kwa mtu?"

"Sijawahi. Haki ya Mungu."

"Sikuulizi tena kama uliyasema. Uliwahi kuyawaza?"

Wifi aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni mpaka ncha ikabadilika rangi.

"Na wewe," alisema polepole, "ulipolisukuma lile komeo. Ulidhani ni nani aliyemo?"

Mama Mipango alianza tena kushona, na wifi akaaga.

Tangu hapo hawajagombana hata siku moja. Majirani wanawasifu. Wanaitana wifi yangu, mpenzi wangu, wanapelekeana matunda, wanauguziana. Mume anasema heri ile safari, angalau imeleta amani nyumbani. Wao wanaitikia, wanatabasamu.

Lakini ukiwatazama vizuri utaona jambo moja. Hakuna anayekubali kuingia chumbani wa kwanza. Na yeyote kati yao akiketi, huketi pale tu ambapo mwenziwe hayuko kati yake na mlango.